Dramu za metali kwa bajeti ndogo: Pearl Export, Tama Imperialstar au Yamaha Stage Custom?

Anayetafuta seti ya dramu ya kupigia metali, yaani muziki mzito wa roki (heavy metal), kwa fedha kidogo huanza kwa kutazama mizinga, yaani miili ya mbao inayofungwa ngozi: rangi gani, mbao gani, tomu (dramu za ukubwa wa kati) ngapi. Bajeti nyingi hupotelea hapo. Katika muziki huu kazi kubwa inafanywa na miguu, snea (dramu fupi yenye nyaya chini yake) na matoazi. Tomu mbili za juu na moja ya chini zinatosha kabisa, na mbao ya mzinga ni kitu cha mwisho ambacho msikilizaji atakitambua gitaa mbili zikiwa zinanguruma kando yake. Kwa hiyo seti tatu zinazojadiliwa hapa tumezipima kwa swali moja: ukishazilipia, unabaki na nini cha kununulia pedali pacha (pedali mbili zinazopiga dramu moja kwa miguu yote miwili) na matoazi ya maana?

Kuna sababu nyingine ya kulishikilia swali hilo. Kwenye maonyesho yenye bendi kadhaa, mizinga huwa ni ya ukumbi au ya bendi kuu, na kila mpigaji huja na snea yake, pedali yake na matoazi yake. Fedha uliyoiweka kwenye vitu hivyo vitatu inasikika kila unapopiga, hata ukiwa umekalia dramu za mtu mwingine.

Tuanze na kipimo kisicho na mjadala: kiki, ile dramu kubwa inayopigwa kwa mguu, iwe ya inchi 22. Kina cha inchi 16 hadi 18 kinafaa. Kiki ya inchi 20 inapendeza kwenye jazi, fanki na kumbi ndogo, lakini ule uzito unaogonga kifuani unapungua. Ya inchi 24 ina sauti nono, ila tomu zinapanda juu mno na ngozi zake ni ghali na adimu.

Halafu fikiria kiki inafanya nini. Kwa mwendo wa mapigo 200 kwa dakika, miguu ikigawa kila pigo mara nne, kiki inapigwa zaidi ya mara 13 kwa sekunde. Kati ya pigo na pigo kuna sekunde 0.075 tu. Kiki inayovuma kwa muda mrefu itatoa ngurumo moja isiyo na mapigo, hata miguu yako iwe sahihi kiasi gani. Unachohitaji ni sauti fupi, kavu, yenye mgongo wa chini na mgoto wa wazi mwanzoni. Sauti hiyo hutengenezwa na ngozi, kinyundo cha pedali na blanketi lililomo ndani ya mzinga. Ndiyo maana mzinga wa bei nafuu uliofungwa ngozi nzuri huushinda mzinga wa mbao ya mepo wa bei kubwa wenye ngozi za kiwandani zilizochoka.

Pearl Export ndiyo ya kwanza kuitafuta. Ilitoka mara ya kwanza mwaka 1982, uzalishaji ukakatizwa, ikarudi mwaka 2013 ikiwa na mizinga ya tabaka 6 za mbao za popla na mahogani ya Asia, unene wa milimita 7.5. Seti ya kawaida ina kiki ya inchi 22 kwa 18, tomu za 10 na 12, tomu ya chini ya 16 na snea ya 14. Inakuja na stendi na pedali moja ya P-930, lakini mara nyingi bila matoazi. Wengine huona hilo ni upungufu. Mimi naliona ni faida, kwa sababu hulipii matoazi ambayo utayatupa baada ya miezi michache. Popla ikichanganywa na mahogani hutoa sauti ya chini iliyotulia, na tomu ya inchi 16 ikifungwa ngozi ya tabaka mbili inashuka vizuri bila kulegea. Udhaifu wake upo kwenye snea: si mbaya, ila ikipigwa kwa nguvu pamoja na ukingo wake haina ule ukali unaopenya gitaa. Panga kuibadilisha mapema. Export za zamani, ambazo bomba la kushikilia tomu linaingia ndani ya mzinga, bado ni nzuri. Zinavuma kidogo kuliko za sasa zinazoning'inizwa kwa kishikio cha nje kiitwacho Opti-Loc, na kwa metali kupungua kwa mvumo hakuna hasara yoyote.

Tama Imperialstar inamfaa asiye na kitu chochote nyumbani. Mizinga ni popla tupu, kiki ya 22 ina kina cha inchi 18, stendi ni imara kuliko bei yake inavyoashiria, na vifurushi vingi huja na matoazi ya Meinl HCS. Hayo ni ya shaba njano, yaani mchanganyiko wa shaba na zinki. Utafanyia mazoezi, lakini usiyapandishe jukwaani: krashi yake (toazi la kupigia msisitizo) hulia juujuu, inanyamaza haraka, na ukingo hupinda au kupasuka ukimkabidhi mpigaji wa mkono mzito. Jambo moja la kiufundi la kuangalia ni pete za kiki za Accu-Tune. Skrubu zinapita kwenye pete yenyewe badala ya kushikwa na vikucha vya chuma, hivyo kubadilisha ngozi ni rahisi na hakuna vikucha vya kupotea. Lakini pete ikivunjika huwezi kufunga ya chapa yoyote tu, ni lazima upate ya aina hiyohiyo. Kwa anayenunua iliyotumika, pete hizo zikaguliwe kabla ya kitu kingine.

Yamaha Stage Custom Birch ina mizinga bora kuliko hizo mbili, na nalisema hilo bila kusita. Tabaka zote 6 ni za birchi, mbao inayotoa mgoto mkali mwanzoni na sauti inayokatika upesi, sifa ambazo muziki mzito unazidai. Kingo zake zimechongwa sawasawa, kwa hiyo hukaa kwenye noti bila ugomvi. Tatizo ni kwamba kwa kawaida huuzwa mizinga peke yake. Ukiongeza stendi, pedali na kiti, bajeti imekwisha kabla hujafika kwenye toazi la kwanza. Inunue ikiwa tayari una stendi, au umepata iliyotumika ikiwa kamili. Tazama pia vipimo kwenye tangazo, maana kuna seti ya kiki ya inchi 22 kwa 17 na nyingine ya inchi 20, na kwenye picha hutaona tofauti.

Pearl Roadshow na Tama Stagestar ziko ngazi moja chini. Zinafaa kwa mtoto anayejifunza. Kwa metali, stendi zake nyepesi na matoazi ya shaba njano vitakurudisha dukani mapema. Na usishawishike na jina la mpigaji maarufu lililobandikwa kwenye tangazo. Lars Ulrich wa Metallica anapigia Tama na Joey Jordison, aliyekuwa wa Slipknot, alipigia Pearl, lakini mizinga yao ni ya ngazi nyingine kabisa. Nembo ni ileile, kilicho nyuma yake sicho.

Sasa pedali, ambapo fedha zinapaswa kwenda. Sahau habari ya kiki mbili: ni gharama mara mbili ya ngozi, usafiri na nafasi. Pedali pacha moja inafanya kazi hiyohiyo. Tama Iron Cobra 200 ndiyo mlango wa kuingilia kwa heshima. Iron Cobra 600 ina bamba la chuma chini na gurudumu la mnyororo unaloweza kuligeuza, upande mmoja mwendo laini, upande wa pili pigo zito. Pearl P-932 ina ubao mrefu na ni nyepesi, nayo inawafaa wanaopiga kwa kifundo cha mguu. Speed Cobra 310 inakwenda njia hiyohiyo ya ubao mrefu. Kama bajeti inaruhusu kitu kimoja tu kizuri, chukua Iron Cobra 600 na upunguze tomu moja kwenye seti.

Pedali pacha iliyotumika ikaguliwe hivi. Shika fimbo ya kuunganishia kwa mkono mmoja, zuia kinyundo cha kushoto kwa mkono wa pili, kisha ujaribu kuisokota. Ikicheza kabla kinyundo hakijasogea, viungo vimelika, na mguu wa kushoto utachelewa daima. Wapigaji wengi huulaumu mguu wao wa kushoto kumbe kosa ni la kiungo. Zungusha kinyundo taratibu ukisikiliza beringi: mkwaruzo mdogo hutibika kwa tone la mafuta mepesi, lakini mchezo wa kwenda kando hautibiki. Tazama pia skrubu zinazobana fimbo. Zikiwa zimelika pembe, ufunguo wa dramu hautashika, na fimbo itateleza katikati ya wimbo.

Wakati wa kufunga, pedali kuu isikae katikati kabisa ya kiki. Isogeze kidogo pembeni ili vinyundo viwili vigonge umbali sawa kutoka katikati, kimoja kulia na kingine kushoto, la sivyo pigo moja litakuwa nono na lingine jembamba. Anza na springi za wastani na vinyundo vikiwa nyuzi 45 hivi kutoka kwenye ngozi. Springi iliyokazwa sana hurudisha haraka lakini huchosha paja. Kitu kingine ambacho wauzaji hawakitaji ni stendi ya haihati, ile jozi ya matoazi inayofungwa kwa mguu. Ikiwa na miguu mitatu isiyozunguka, mmoja utakaa palepale pedali ya kushoto inapotakiwa. Tafuta yenye miguu inayozunguka au yenye miguu miwili. Ongeza pia klachi ya kuangusha, kifaa kidogo kinachofunga haihati bila mguu, ili mguu wa kushoto uwe huru kwenye kiki.

Ngozi za kiwandani kwenye seti za bei hii ni nyembamba na ziondolewe mara moja, angalau ya kiki na ya snea. Kwa kiki, Evans EMAD na Remo Powerstroke 3 ni chaguo salama. EMAD ina pete za sponji zinazobadilishwa kwa nje, hivyo unapunguza mvumo bila kufungua chochote. Kwa tomu chukua za tabaka mbili: Evans G2, Remo Emperor au Pinstripe. Upande wa chini weka za tabaka moja.

Kufunga ngozi ya kiki kunataka utulivu. Toa ya zamani, futa ukingo wa mzinga kwa kitambaa kikavu, pitisha kidole kuuzunguka wote ukitafuta kibanzi au bonde. Weka ngozi mpya, kisha pete, kisha kaza skrubu zote kwa vidole mpaka zikatae. Kutoka hapo tumia ufunguo, nusu mzunguko kila skrubu, ukivuka upande wa pili kila mara na kamwe usifuate mstari wa duara, kwa sababu ukizunguka duara ngozi inakaa kombo na haitanyooka tena. Bonyeza katikati kwa ngumi: mikunjo ikitoweka pembeni, ongeza robo mzunguko kwa kila skrubu, kisha acha. Bandika kiraka kigumu mahali vinyundo viwili vinapogonga. Kiraka hicho kinaizuia ngozi isitoboke, na pia kinakupa ule mgoto wa wazi. Kinyundo kikiwa na upande wa plastiki na wa sufi, geuza plastiki mbele. Ndani weka blanketi dogo linalogusa ngozi zote mbili kidogo tu. Ukijaza mito mzinga mzima, unabaki na sauti ya sanduku. Ngozi ya mbele iwe na tundu la inchi 4 au 5 pembeni, kwa ajili ya maikrofoni.

Kwenye tomu, ngozi ya chini ikazwe kidogo zaidi, iwe na noti ya juu kuliko ngozi ya juu. Hapo sauti inashuka na kufa mapema.

Snea ndiyo kitu kinacholegea haraka kuliko vyote. Mapigo yanayogonga ngozi na ukingo kwa pamoja hufungua skrubu zilizo karibu na mkono wako, na seti za bei nafuu ndizo zinazoathirika zaidi kwa kuwa nyuzi za skrubu zimechongwa kwa ulegevu. Zungushia skrubu hizo tepu nyeupe ya mafundi bomba, mizunguko miwili, halafu zirudishe. Ni dawa rahisi na inadumu. Kwa ngozi, Evans Heavyweight au Remo Emperor X zinahimili kipigo kizito, ingawa zinapoteza wepesi wa mapigo madogo. Nyuzi za chini zenye nyaya 20 zinatosha. Zikikazwa mno snea hukabwa na kutoa sauti ya kopo. Ukiweza kununua snea ya pili, chukua ya chuma ya inchi 14 kwa 6.5.

Matoazi ndiyo mahali bajeti ndogo inapoumia, kwani hapa hakuna njia ya mkato. Bronzi ni shaba iliyochanganywa na bati. Alama ya B8 ina maana ya asilimia 8 ya bati, na B20 asilimia 20. Kwa metali, B8 haina aibu yoyote: inalia kwa ukali, inajibu haraka na inapenya. Sabian B8X na Paiste PST 5 au PST 7 zimo kundi hilo. Meinl Classics Custom ni B10 na imetengenezwa ikiwalenga wapigaji wa muziki mzito. Ukibahatika kupata Sabian XSR, hiyo ni B20 kwa bei ya chini kidogo ya kawaida yake. Anza na haihati ya inchi 14, krashi ya 18 na raidi (toazi kubwa la kushikilia mwendo) ya 20 yenye kitovu kinacholia wazi. Krashi ya 16 na chaina (toazi lenye ukingo uliogeuzwa juu) vifuate baadaye. Kwa chaina usitafute mbali: Wuhan za inchi 18 ni B20, bei yake ni ndogo, na wapigaji wengi wa metali wamezitumia kwa miaka mingi. Hupasuka, ndiyo, lakini sauti yake chafu ndiyo inayotafutwa.

Matoazi mengi hupasuka kwa kufungwa vibaya. Nati ya juu isikazwe, toazi lazima liyumbe. Mrija wa plastiki uwepo kwenye chuma cha stendi, maana bila huo chuma kinakula tundu la katikati mpaka linakuwa na umbo la yai, kisha ufa unaanzia hapo. Toazi liinamishwe kidogo kuelekea kwako, na kijiti kipite kwa mshazari badala ya kulikata ukingo moja kwa moja. Usidhani pia kwamba toazi nene hudumu zaidi. Toazi nene linadai nguvu zaidi ili lilie, na nguvu hiyohiyo ndiyo inayolipasua.

Kiti nacho kinasahauliwa. Kwenye pedali pacha visigino vyote viwili vinanyanyuka, kwa hiyo uzito wote wa mwili unakalia kiti. Viti vya kwenye vifurushi huyumba, na mgongo ndio unaolipa. Chagua chenye miguu ya vyuma viwiliviwili na parafujo ya kupandishia, ukiweke kwa urefu unaofanya mapaja yateremke kidogo kuelekea magotini.

Kwa wanunuzi wa Afrika Mashariki kuna mambo ya ziada. Makanisa ni wateja wakubwa wa dramu, na maduka ya vyombo vya muziki, iwe Kariakoo au katikati ya Nairobi, huweka mzigo unaowafaa wao. Seti zisizo na jina lililozoeleka ni nyingi. Kabla ya kulipia, fungua tomu moja na uiweke kifudifudi juu ya kaunta ya kioo au marumaru, ngozi na pete zikiwa zimetolewa. Ingiza tochi ya simu ndani. Mwanga ukipenya chini, ukingo haujanyooka, na dramu hiyo haitakaa kwenye noti kwa ngozi yoyote utakayoinunua. Kaza na kulegeza kila skrubu ya snea, maana lagi (kishikio cha skrubu kwenye mzinga) moja iliyolika inatosha kukunyima sauti. Jaribu miguu ya kiki kwa kuisukuma kwa nguvu: isiposhika sakafu, kiki itakukimbia kila unapoongeza kasi, na zulia peke yake halitaizuia.

Upande mwingine, makanisa yanapobadilisha vyombo huuza seti kamili zilizopigwa kwa upole. Export au Stage Custom iliyotoka huko, hata ikiwa na mikwaruzo, ni ununuzi bora kuliko seti mpya isiyo na jina kwa bei hiyohiyo. Matoazi yake yaangalie kwa makini: pitisha ukucha ukingoni pande zote, kisha yainue dhidi ya mwanga na ufuate mifereji, kwa sababu ufa mwembamba hujificha humo. Skrubu zilizopotea si tatizo, chapa nyingi hutumia nyuzi za kipimo kimoja. Ila Sonor ana kipimo chake, kwa hiyo kwa Sonor iliyotumika hesabu skrubu zote kabla ya kukubaliana bei.

Wanaoishi pwani, Mombasa, Unguja au Dar es Salaam, wafute kromu kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya cherehani kila baada ya kupiga, na wafungue skrubu za kiki na kuzipaka grisi mara mbili kwa mwaka. Chumvi ya hewani inashika kwanza springi za pedali na nyuzi za snea, na springi iliyoanza kutu hukatika bila kutoa taarifa. Kwenye mkoba wa onyesho weka springi moja ya akiba, ngozi moja ya snea, mirija miwili ya plastiki ya matoazi na funguo mbili za dramu.